Baryeri Niliyomfungia Mtu Mmoja

Mtu yule sijamsamehe, na naanza na hilo ili asije mtu akasoma mpaka mwisho akitegemea kwamba nitalainika. Kama yuko hai sasa ni mzee, nami ni mzee, na bado nikiona gari jeupe linapunguza mwendo mbele yangu mkono wangu wa kulia unakaza wenyewe. Ndio mkono uliozungusha chuma cha baryeri kwa miaka kumi na minne mjini Lubumbashi, mahali reli inapokata barabara ya kutoka mitaa yetu kwenda katikati ya mji.

Baryeri tuliita ile miti miwili mirefu, myekundu kwa myeupe, inayoshushwa kuzuia watu na magari treni inapopita. Mimi ndiye niliyeishusha na kuipandisha. Nilikuwa na kibanda cha matofali, simu ya kuzungusha, bendera ndogo nyekundu na firimbi. Stesheni ilinipigia mara mbili kwa kila treni. Mara ya kwanza kunijulisha kwamba treni inapangwa, na hapo ingeweza kutoka baada ya dakika tano au baada ya saa nzima, kutegemea dereva ameamkaje na mashine imeamkaje. Mara ya pili ni kusema treni imetoka. Sheria ya kazi ilitaka nishushe baryeri kwenye simu ya pili, si kabla. Naomba msomaji aikumbuke hiyo sheria, maana ndiyo niliyoigeuza silaha.

Nilikaa mtaa wa Katuba na dada yangu mkubwa. Kwetu tunaita yaya. Mama yetu alikufa nikiwa bado natambaa, na yaya akanibeba mgongoni wakati wasichana wenzake wanacheza. Hakuolewa tena baada ya mume wake kufa, akaishi nami na mke wangu, akawa anauza samaki wa kukaushwa wa mto Luapula kwenye soko la upande wa mjini. Kila asubuhi alivuka reli mbele ya kibanda changu na beseni kichwani, akanisalimu kwa sauti ya juu ili watu wajue kwamba mwenye baryeri ni mdogo wake.

Mtu yule naye alipita pale kila asubuhi. Alikuwa mkubwa wa ofisi fulani katika kampuni la shaba, mtu wa miwani myeusi na abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Gari lake lilikuwa jeupe. Miaka miwili mizima nilimfungulia, na nilimpungia mkono, na mara nyingine alijibu kwa kidole kimoja bila kukitoa kwenye usukani. Nilikuwa nafurahi akijibu. Hilo nalo sijajisamehe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko yangu. Yaya alitakiwa kwenda ofisi ya zoni, yaani ya wilaya, kwa ajili ya karata yake ya uraia, nikamsindikiza, naye akabeba beseni lake la samaki ili apitie sokoni baadaye. Mbele ya ofisi ile palikuwa na mistari myeupe ya kuvukia, iliyopakwa rangi upya kila mkubwa wa Kinshasa alipotarajiwa, na kuachwa ifutike mara akiisha kuondoka. Wiki ile ilikuwa inang'aa. Mimi nilivuka haraka kama kawaida yangu, nikafika ng'ambo. Yaya hakuwa mtu wa haraka. Alisimama ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akangoja lori moja lisimame kabisa na dereva wake amwonyeshe kwa mkono kwamba apite. Ndipo akaweka mguu kwenye mstari. Nimeona watu wengi wakivuka barabara katika maisha yangu, ndiyo kazi niliyolipwa kuitazama, na nasema yaya alivuka vizuri kuliko wote.

Alipofika katikati, firimbi ikalia ofisini. Bendera inapanda.

Aliyezaliwa baada ya miaka ile ya Chama kimoja hataelewa. Bendera ilipopanda asubuhi na wimbo ulipoanza, kila kitu kilisimama. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye kutafuna aliacha kutafuna. Gari lilizimwa. Na kama mguu wako ulikuwa hewani, uliushusha hapohapo ulipo, ukanyoosha mikono, ukatazama juu. Tulijua watu waliosogea na kilichowapata. Kwa hiyo yaya alifanya ambavyo kila mtu mwenye akili angefanya: alisimama katikati ya barabara, juu ya mstari mweupe, beseni kichwani, kimya. Lori lilikuwa limesimama. Magari ya nyuma ya lori yalikuwa yamesimama.

Gari jeupe lilitokea kwenye barabara ya pembeni, vioo vimefungwa, redio ndani inaimba. Hakusikia firimbi. Alipinda kona akiwa bado anarekebisha miwani yake, nikamwona akiirekebisha, na akamgonga yaya kwenye nyonga.

Beseni lilianguka kwanza. Samaki walimwagika mpaka chini ya lori. Yule mtu alifungua mlango, akashuka, akatazama chini, na nilidhani atainama. Kisha akatazama juu. Aliona bendera iko nusu ya mti. Akafunga kifungo cha abakosti yake, akaweka mikono ubavuni, akasimama wima hatua moja kutoka kichwa cha yaya, mpaka wimbo ukaisha.

Nami nilisimama. Nilikuwa mbali kiasi cha hatua kumi, nikamsikia yaya anaita jina langu kwa sauti ndogo, mara tatu, na sikusogea. Polisi walikuwa watatu pale mlangoni. Sitasema zaidi juu ya hilo. Nasema tu kwamba chuki niliyonayo kwa mtu yule ina mizizi miwili, na mmoja haukui kwake.

Bendera ilipofika juu, kila mtu akawa mtu tena. Walimbeba yaya. Yule mkubwa alizungumza kwa Kifaransa na polisi wa barabarani, akampa mkono, akaondoka kwa sababu alikuwa na mkutano. Polisi akatoa karatasi na kunihoji. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Aliandika mistari miwili, kisha kalamu ikasimama.

"Sikia, ndugu," akaniambia. "Kama naandika bendera, maana yake ile muntu hakusimama kwa bendera. Iko affaire, kesi ya Chama hiyo. Batamuita yeye, kiisha batakuita weye, kiisha batanita mi."

"Sasa utaandika nini?"

"Naandika mama alisimama mu katikati ya barabara. Njo kweli, hapana?"

Akaandika kwamba alisimama katikati ya barabara bila sababu. Bila sababu. Karatasi ile nilipewa nakala yake, na nikaisoma hospitalini mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ilikuwa na gari, ilikuwa na barabara, ilikuwa na mwanamke mzembe. Bendera haikuwamo. Nyonga ya yaya ilivunjika mahali pawili, na mtu aliyeivunja hakuja hata siku moja kuangalia kitanda kile kina nani.

Hapo nikajua ninachotaka. Sikutaka kitu kingine kutoka kwake. Nilitaka aje mbele ya yaya, aseme kwa mdomo wake kwamba yaya alisimama kwa ajili ya bendera, na kwamba yeye mwenyewe ndiye ambaye hakusimama. Basi. Maneno mawili matatu, lakini ayaseme akiwa amevua miwani.

Yaya alitoka hospitali baada ya miezi, na fimbo. Mguu ulikuwa umepona kadiri ungeweza kupona, ila kuvuka barabara kulimshinda. Alifika ukingoni, akaweka fimbo barabarani, akaiondoa, akarudi. Mwanamke aliyekuwa akivuka reli na barabara nne kila siku na beseni kichwani sasa alikaa uani akichambua maharagwe ya mke wangu, na meza yake sokoni ikachukuliwa na mwingine. Alisema hataki kuvushwa kama mbuzi anayepelekwa kuuzwa. Anataka kuvuka mwenyewe au abaki.

Basi kila Jumapili baada ya misa nilikwenda naye kumfundisha upya. Tulianza na mistari myeupe. Nilimwambia asiamini rangi, rangi haina breki. Aangalie macho ya dereva kwanza, na kama dereva hana macho kwa sababu ya miwani, asubiri apite. Tukaenda pale polisi anaposimama kwenye kipande cha pipa na kupunga mikono. Huko nilimfundisha kutazama mwili wa polisi: akikupa kifua au mgongo, wewe baki, akikupa ubavu, vuka. Tukaenda kwenye mzunguko wa posta, ambako magari yanatoka pande zote, nikamwambia pale asivuke hata kidogo, apande barabara moja juu mpaka mahali magari yanakuja kwa mstari, avuke huko, kisha arudi. Alilalamika kwamba namzungusha bure na nyonga hii. Lakini alipanda.

Mwisho tukafika kwenye reli, kwangu. Nikamwambia, "Hapa usitumike na masikio. Upepo inakudanganya. Usitumike na macho, kona iko karibu. Angalia baryeri tu. Ikiwa chini, ngoya. Ikiwa juu, pita."

"Baryeri haidanganye?"

"Mi njo baryeri, yaya."

Alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Ilichukua msimu mzima wa mvua, lakini akaweza. Akapata meza ndogo sokoni, si ile ya zamani, na badala ya beseni akabeba mfuko begani. Kila asubuhi akaja peke yake na fimbo yake, tok tok, akavuka mbele yangu. Nilikuwa namwangalia mpaka apotee, kisha nakaa kwenye kigoda changu na kungoja gari jeupe.

Maana lilikuwa bado linapita. Mlidhani liliacha? Lilipita kila siku, limenyooshwa bati lilipobonyea. Siku ya kwanza baada ya ajali alinipungia kidole kama zamani. Hakujua mimi ni nani, hakujua aliyemgonga ni nani, na baryeri ilikuwa juu, akapita.

Sikumbuki kama nilifikiri sana. Asubuhi moja simu ya kwanza ililia: treni inapangwa. Nikaweka simu chini, nikamwona anakuja kwa mbali, na mkono wangu ukaenda kwenye chuma. Nilizungusha. Baryeri ikashuka mbele ya pua ya gari lake, taratibu, kwa heshima zote. Akafunga breki. Treni ilipita baada ya dakika thelathini na tano, nami nilikaa kwenye kigoda nikisafisha kucha kwa njiti.

Eee, ilikuwa tamu. Sitadanganya. Tangu siku ile, simu ya kwanza ikiingia na yeye yuko njiani, nilishusha. Kama hayuko njiani, nilingoja simu ya pili kama sheria isemavyo. Hakuna aliyeweza kunishika, kwa sababu treni kweli ilikuwa inakuja. Ilikuwa inakuja tu kwa wakati wake.

Mwanzoni alipiga honi. Nikaweka mkono sikioni, kana kwamba nasikiliza reli. Kisha akashuka, akaja mpaka kibandani na viatu vyake vinavyong'aa kwenye kokoto.

"Sitwayen, ile treni iko wapi?" akaniuliza, akiniita mwananchi kama serikali ilivyoagiza.

"Iko nakuya, chef."

"Inatoka wapi, Sakania kule mupakani? Inatembea na miguu?"

"Règlement, chef."

Hakuna neno lililonipa raha zaidi ya hilo la kanuni. Wao ndio waliotufundisha. Nililisema na mikono ubavuni, nimesimama wima, kama alivyosimama yeye siku ile. Alijaribu kuzungukia upande wa tuneli, barabara ipitayo chini ya reli, lakini huko foleni ilikuwa mbaya zaidi na akarudi kwangu. Alilalamika kwa wakubwa wangu. Mkaguzi akaja na kofia yake, akaangalia saa za simu, akaona simu imeingia, treni imepita, hakuna ajali. Akasema mimi ni mwangalifu kupita kiasi, na kwamba ni afadhali hivyo. Nikasikia kwa mfagiaji wa ofisi yao, jirani yangu Katuba, kwamba mkubwa wake sasa anafika bendera imeshapanda, wengine wote wamejipanga uwanjani, na yeye anaingia kwa mlango wa nyuma. Ameshaandikiwa barua mbili za onyo, aliniambia. Siku hiyo nilinunua bia moja ya Simba, baridi, na kuinywa peke yangu polepole.

Jioni nilimsimulia yaya. Kwa nani tena? Nilimwigiza mkubwa anavyotazama saa, anavyopangusa jasho. Yeye alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, hakugeuka.

"Na bale bengine nyuma ya gari yake?" aliniuliza siku moja. "Balikukosea nini?"

"Bangoye. Si barabara ni ya bote?"

"Na ye anajua juu ya nini unamufungia?"

Nikavuta kigoda, nikaketi. Hakujua. Nilikuwa najiambia namlainisha kwanza, namchosha, na siku moja akija kibandani kuniomba, nitaitoa ile karatasi mfukoni na kumsomea. Lakini miezi ilikuwa inakwenda na sikuitoa. Nikikumbuka sasa naona kwamba nilipenda kumfungia kuliko nilivyopenda aje aombe radhi. Yaya aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akatuita tule.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona na kulipuuza. Watu wa miguu hawakai kama magari. Mwanzoni, baryeri ikishuka, walijipanga: akina mama na mabeseni yao, wafanyakazi na baiskeli. Lakini nusu saa ni nyingi kwa mtu mwenye nyanya kichwani. Mmoja aliinama akapita chini yake, na treni haikuja. Wakapita wawili, kumi. Nilipiga firimbi, wakacheka. Nilisikia mama mmoja anamweleza mgeni aliyekuwa anasitasita.

"Pita, mama. Ukiona gari nyeupe imesimama pale, baryeri haina treni. Iko na muntu."

Walijua wote. Mtaa mzima ulijua kwamba mwenye baryeri ana ugomvi na gari jeupe, na walijifunza kuvuka kwa kuangalia gari badala ya kuangalia baryeri. Ningekuwa na akili ningeona hapohapo nilichofanya. Nilifurahi tu kwamba wanamcheka.

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mwezi wa sita, moshi wa tanuri la kampuni umelala chini. Simu ya kwanza iliingia, gari jeupe likatokea, nikashusha. Mkubwa alizima mashine, akafungua gazeti. Siku hizo hakushuka tena wala hakupiga honi. Alikuwa amezoea, na wiki iliyotangulia alikuwa ameniletea sigara moja, akaniuliza watoto hawajambo. Niliivuta sigara yake. Kumchukia hakukupungua hata chembe, nataka hilo lieleweke.

Safari hii simu ya pili ilifuata upesi. Treni imetoka, nzito, mabehewa mengi. Niliweka simu chini na nikatoka na bendera nyekundu. Watu walikuwa wanapita chini ya baryeri kama kawaida, wanazungumza. Nilipiga firimbi. Wawili wakanipungia mkono. Nikapiga tena, nikakimbia mpaka kwenye reli nikapeperusha bendera, nikapiga kelele kwamba treni ni ya kweli, na kijana mwenye baiskeli akanijibu, "Ndiyo, baba, inatoka Sakania na miguu," akapita akicheka. Hata mzaha ule ulikuwa umefika mtaani.

Ndipo nikamwona yaya. Alikuwa ng'ambo ya reli, upande wa gari. Alipita pembeni mwa bati jeupe, akalitazama, akainama polepole chini ya baryeri kwa sababu ya nyonga, akaanza kuvuka. Hakutazama kona. Nilikuwa nimemkataza asitumie macho wala masikio.

Nilimwita. Alinyanyua uso, na nadhani alidhani namsalimu. Fimbo yake ikaingia kwenye upenyo kati ya reli na ubao, ikashika. Akaivuta. Treni ilikuwa imeshatokea kwenye kona, honi yake inalia mfululizo, na mimi nilikuwa bado hatua kumi na tano kutoka kwake. Nilikimbia. Naapa safari hii nilikimbia. Nikaona mlango wa gari jeupe unafunguka, yule mtu anapita chini ya baryeri bila miwani, gazeti linaruka, anamshika yaya makwapa, na mashine ikapita mbele ya uso wangu.

Mabehewa yalipita moja moja. Ya shaba, ya makaa, matupu, ya shaba tena. Kupitia katikati ya magurudumu niliona kokoto, fimbo imekatika, na sikuona kitu kingine. Nilisimama na bendera yangu nyekundu mkononi na sikuweza kufanya lolote isipokuwa kungoja iishe. Na hata pale, watu mnisamehe, wazo lililopita kichwani mwangu lilikuwa kwamba kama amekufa, amefia mikononi mwa mtu yule.

Behewa la mwisho lilipopita niliwaona wameketi chini ng'ambo, mgongo wa yule mtu kwenye mguu wa baryeri, yaya mbele yake, ameshika mkono wa abakosti yake. Suruali ya mkubwa ilikuwa imechanika gotini. Yaya alikuwa anamwambia kitu, na nilipofika nikalisikia.

"Aksanti, baba. Aksanti mingi."

Yule mtu alinigeukia. "Huyu mama iko na muntu yake?"

"Ni yaya yangu, chef."

"Ee, pole, pole sana." Alisimama, akajipangusa, akatafuta miwani yake mfukoni. Alimtazama yaya usoni, karibu, kwa muda mrefu, na hakumtambua. "Umuchunge muzuri," akaniambia. Kisha akaingia kwenye gari lake. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, kifuani. Aliyepaswa kusomewa alikuwa amesimama mbele yangu, amevua miwani, na yaya yuko hapo chini anasikia. Sikuitoa. Nilikasirika, kwa sababu hata haki ya kumdai alikuwa ameninyang'anya. Nilimchukia siku ile kuliko siku aliyomgonga.

Nikamwinamia yaya. Nikamuuliza kama ameumia. Akatikisa kichwa.

"Ulijua ni nani ule?" nikamnong'oneza.

"Nilimujua tangu alifungua mulango."

"Na unamupatia aksanti?"

Alijipangusa vumbi kwenye kitenge. Magari yalikuwa yameanza kupiga honi nyuma, yote, isipokuwa lile jeupe.

"Niliona gari yake," akasema. "Nikasema, haina treni, ni mudogo yangu na mambo yake. Njo nikapita." Kisha akanitazama. "Ule baba alinigonga hanijue. Leo alinivuta, hanijue. Weye njo mwenye kunijua."

Nilirudi kwenye chuma na kukizungusha. Baryeri ikapanda, gari jeupe likapita, dereva wake akaniinulia mkono mzima safari hii, na baiskeli na malori yakafuata. Nikarudi kumchukua yaya nimvushe, nikamnyooshea mkono. Alinitazama mkono ule. Akamgeukia mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni, mtu asiyemjua kabisa, akamwomba amshike amfikishe ng'ambo.